Tela la fifwili kwenye kiwanja kilichoinama: upande kwanza, pua baadaye

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Ohio, Marekani. Tumenunua tela la fifwili lililotumika, la futi 32, tuwe tunapiga kambi na watoto. Safari ya kwanza tulipewa nafasi iliyolalia upande wa dereva na pia kushuka kuelekea nyuma. Tulishusha miguu ya mbele, tukaachanisha pikapu, na tela likarudi nyuma kama shibiri moja ndipo likasimama. Mume wangu zamani alikuwa utingo wa semi-trela Mombasa, akasema lisingeweza kwenda mbali kwa sababu tela likikatwa na gari breki zake hujifunga. Halafu akainua kona ya nyuma iliyokuwa chini kwa zile jeki ndogo za nyuma mpaka pima maji ikasoma sawa. Usiku mlango wa choo ukagoma kufunga, asubuhi slaidi ya sebuleni, kile kichumba kinachosukumwa nje ya ukuta, ikakwaruza ikirudi ndani, na friji ya gesi haikupoza kabisa. Jirani pale kambini akasema friji haihusiani na kuinama. Tufuate mpangilio gani safari ijayo, na je, tumeshaharibu kitu?"

Dada, poleni. Mambo matatu yamewatia hofu: tela kusogea, mlango na slaidi kugoma, na friji kutopoza. Yote yanaweza kuwa na chanzo kimoja, nacho ni kazi kufanywa kinyumenyume. Tela la fifwili, yaani lile ambalo pua yake huegemea sahani iliyo ndani ya bodi ya pikapu, husawazishwa upande kwa upande likiwa bado limeshikwa na pikapu. Kisha linawekewa kabari, ndipo linaachanishwa, na mlalo wa mbele na nyuma hurekebishwa mwisho kwa miguu ya mbele. Jeki za nyuma hazinyanyui chochote. Nitaeleza sababu ya kila hatua, kwa kuwa viwanja vya kambi havifanani na kuna siku mtalazimika kuamua wenyewe papo hapo, mvua inanyesha na watoto wanalia njaa.

Nianze na lile la hatari kuliko yote, la tela kusogea. Mumeo anakumbuka vizuri, ila anachokumbuka ni malori. Semi-trela inayotoka bandarini Mombasa ina breki za upepo. Upepo ndio unaozizuia springi nzito zisifunge. Ukikatika, springi zinashika na tela linaganda palepale. Tela la kambi halina mfumo huo. Yaliyo mengi yana breki za umeme: ndani ya kila ngoma kuna sumaku inayopokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye pikapu, nayo inavuta mkono unaotanua viatu vya breki. Ukichomoa plagi ya pikapu, umeme unakatika na breki zinaachia. Yaani ni kinyume kabisa cha lori. Na handibreki hakuna.

Upo waya mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye pikapu. Tela likichomoka barabarani, waya huo unavuta swichi na betri ya tela inazipa breki umeme. Wapo wanaouvuta makusudi kambini ili "kufunga breki". Msifanye hivyo. Betri itaisha, sumaku zitapata moto, na betri ikishalegea tela liko huru tena, safari hii mkiwa mmelala ndani. Kinacholishika tela lililoachanishwa ni kabari peke yake.

Kabari ziwe nzito, za mpira mgumu au za mbao zilizochongwa mshazari, zenye kimo cha sentimita 15 hadi 20 kwa matairi ya ukubwa wa tela lenu. Zile nyepesi za plastiki za bei ya chini huteleza kwenye changarawe. Ziwekeni pande zote mbili, mbele na nyuma ya matairi, na kwenye kiwanja kinachoshuka kuelekea nyuma zile za nyuma ndizo zenye kazi, kwa hiyo zipigwe na nyundo kidogo mpaka zikaze. Mkipandisha upande mmoja juu ya mbao, kabari ya upande huo ikae juu ya ubao uleule, si ardhini. Ikiwa chini ardhini, tairi linaigusa kwenye ncha tu na linaweza kuiruka. Kuna pia vile vyuma vya kukaza vinavyowekwa kati ya matairi mawili. Vinapunguza mtikisiko vizuri sana, lakini matairi yakipoa usiku hupungua kidogo na vyuma hivyo hulegea, kwa hiyo visihesabiwe kuwa kabari.

Hata kabari ikiwepo, tela linaweza kusogea sentimita chache kabla halijaiegemea, na sentimita hizo ndizo zinazotisha na kupinda miguu. Dawa yake ni ndogo. Mkishaweka kabari za nyuma na pikapu ikiwa bado imeunganishwa, dereva aweke gia huru, aachie breki polepole, aliache tela lirudi lenyewe mpaka liegemee kabari. Hapo ndipo avute handibreki na kuweka gia ya kuegesha. Uzito wa mteremko umeshahamia kwenye kabari, na mtakapoachanisha hakutakuwa na kitu kinachongoja kusogea.

Sasa kwa nini upande uje kwanza? Angalieni nani anabeba nini. Tela la fifwili kwa kawaida huegemeza asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake kwenye kingpini, ile pini ya chuma chini ya pua inayoingia kwenye sahani iliyo ndani ya bodi ya pikapu, na uliobaki wote uko kwenye matairi. Mkiachanisha, sehemu ya kingpini inahamia kwenye miguu miwili ya mbele. Miguu hiyo inaweza kupandisha na kushusha pua ya tela kwa kimo kikubwa tu, lakini haiwezi kuondoa mlalo wa upande, kwa sababu mlalo huo uko kwenye ekseli. Ukiinua mguu mmoja wa mbele kuliko mwenzake, au kona moja ya nyuma kama mlivyofanya, matairi yanabaki yalivyo na chasi inajisokota katikati. Ni kama kitanda cha mbao kilichotiwa tofali chini ya mguu mmoja: godoro linaweza kuonekana limenyooka pale ulipoketi, huku viungo vyote vinalia. Pima maji iliwaambia ukweli wa sehemu moja ya sakafu tu. Mlango wa choo uliogoma ndio uliosema ukweli wa tela zima.

Kwa hiyo mlalo wa upande unaondolewa kwa njia moja, kupandisha matairi ya upande ulio chini juu ya mbao, na kitu pekee chenye nguvu ya kuyapandisha ni pikapu. Ndiyo maana haiachanishwi kabla ya hapo.

Kipimo kinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Vile vipima maji vidogo vilivyobandikwa ukutani na mwenye tela wa zamani visiaminiwe mpaka mvihakiki. Wekeni pima maji ya fundi ya sentimita 60 sakafuni, katikati ya tela, juu ya ekseli, kwa mkao wa upande hadi upande. Igeuzeni kichwa na mkia kuona kama inasoma vilevile. Isiposoma vilevile, pima maji yenyewe ni mbovu. Simu nayo inapima, ila nyingi zina kamera iliyochomoza mgongoni na hazilali sawa.

Kutoka tairi la upande mmoja hadi la upande wa pili ni karibu mita 2. Pimeni la kwenu. Kwa upana huo, kila uzi 1 (digrii 1) wa mlalo unadai kupandisha sentimita 3.5. Kwa bahati, ubao unaouzwa Marekani kwa jina la 2×10 ukisharandwa una unene wa inchi 1.5, yaani sentimita 3.8. Basi hesabu ni rahisi, ubao mmoja kwa kila uzi mmoja. Kama pima maji yenu haina namba, inueni ncha yake iliyo chini kwa vipande vyembamba mpaka kiputo kikae katikati, pimeni kimo cha vipande, kisha mzidishe kwa 200 na kugawanya kwa 60. Vipande vya sentimita 2 vinamaanisha kupandisha matairi kwa sentimita 6.7, yaani mbao mbili, ambazo zitazidi kwa karibu sentimita 1, na ziada hiyo haitaonekana. Ikihitajika zaidi ya mbao tatu, mimi ningerudi ofisini kwao kuomba nafasi nyingine. Ngazi ya mbao nne chini ya tela la tani tano ni kutafuta balaa kwa fedha yako mwenyewe.

Chagueni 2×10 na si 2×8. Tairi la tela la saizi ya ST235/80R16, ambalo ni la kawaida kwenye matela ya urefu huo, lina upana wa milimita 235. Ubao wa 2×8 una sentimita 18.4 tu, ule wa 2×10 una 23.5. Uso wote wa tairi unaokanyaga ardhi unapaswa kukaa juu ya ubao. Ukining'inia pembeni, uzito wote unabebwa na nusu ya tairi, nyaya za chuma za ndani zinachoka, na mtalipia miezi kadhaa baadaye kwa tairi kupasuka barabarani bila sababu inayoonekana.

Na matairi yote ya upande ule yapande. Tela la futi 32 kama lenu kwa kawaida lina ekseli mbili. Mkipandisha tairi moja na kuliacha jingine, lile lililopanda linabeba mzigo wa wawili na springi zake zinapindwa kupita kawaida. Ubao wa juu kabisa uwe na urefu wa sentimita 180 hivi ili uyachukue matairi yote mawili na kubaki na nafasi ya kabari. Wa chini yake uwe mrefu zaidi kwa sentimita 20 kila upande, na wa tatu vivyo hivyo, ili zifanye ngazi. Chongeni ncha mshazari, zifungeni kwa skrubu zilizozamishwa vichwa. Vile vibao vya plastiki vinavyoshikana navyo ni sawa kabisa kwenye lami au zege, na ni vyepesi kubeba. Kwenye changarawe yenye mashimo huvunjika kwa sababu vimekosa wa kuvishika chini. Zile kabari za mviringo ambazo tairi linazipanda taratibu mpaka kimo unachotaka ni nzuri pia, ila kwa ekseli mbili mnahitaji mbili, na hakikisheni zinaenea kati ya matairi kabla ya kununua.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Simamisheni tela mahali mnapotaka likae, pimeni, tieni alama ya jiwe ardhini penye matairi. Dereva asogee mbele mita 2, mtandike mbao penye alama, kisha arudi nyuma polepole akipanda. Mwingine asimame pembeni, mbali na tela, mahali dereva anapomwona kwenye kioo. Mkipotezana machoni, dereva anasimama, hakuna mjadala. Pimeni tena. Ikiwa sawa, kabari, tela liegemee kabari, handibreki.

Sasa miguu ya mbele. Ndani ya kila mguu kuna bomba la pili linaloshushwa kwa mkono na kufungwa kwa pini kwenye matundu. Lishusheni mpaka libaki kama sentimita 10 juu ya kitako mlichoandaa, halafu ndipo mtumie mota. Hapa pana mitego miwili. Matela mengi yaliyotumika yana mota moja inayozungusha miguu yote miwili kwa fimbo moja, kwa hiyo miguu inashuka sawasawa. Kiwanja kikiwa kimelala, mguu wa upande wa juu utagusa mapema, na mkiendelea kubonyeza swichi mnasokota pua ya tela. Rekebisheni kwa kuuongezea mguu wa upande wa chini kitako kinene, karibu kimo kilekile cha mbao mlizotandika chini ya matairi, au kwa kushusha bomba lake la ndani tundu moja zaidi. Miguu yote iguse kwa wakati mmoja.

Mtego wa pili unawahusu nyinyi hasa. Kiwanja kinachoshuka kuelekea nyuma kinaiacha pua juu, kwa hiyo baada ya pikapu kuondoka mtahitaji kuishusha. Kutoka ekseli hadi miguu kuna kama mita 6, na kwa urefu huo kila uzi 1 ni sentimita 10 na nusu. Kama mmelishusha bomba la ndani hadi tundu la mwisho, mota haitakuwa na nafasi ya kurudi na mtakwama na pua hewani. Kwenye kiwanja cha namna hii liacheni bomba la ndani juu zaidi ya zile sentimita 10, mota itoke sana mwanzoni, kisha ibaki na nafasi ya kurudi.

Kitako cha mguu si pambo. Chukulia tela lenu limejaa na lina kilo 5,400, na asilimia 20 iko mbele, yaani kilo 1,080. Miguu iko nyuma ya kingpini, karibu zaidi na ekseli, hivyo inabeba zaidi ya kile kingpini ilichokuwa inabeba. Kingpini ikiwa mita 7.5 kutoka ekseli na miguu mita 6, mzigo wa miguu ni 1,080 mara 7.5 gawanya kwa 6, sawa na kilo 1,350, au 675 kwa kila mguu. Unyayo wa sentimita 20 kwa 20 unaisukuma ardhi kwa kilo 1.7 kila sentimita ya mraba. Uwekeeni kipande cha mbao au plaiwudi nene cha 40 kwa 40 na mkandamizo unashuka hadi 0.4. Kwenye udongo ulionyeshewa, tofauti hiyo ndiyo kulala vizuri au kuamka pua imezama. Kimo kikihitajika zaidi, pangeni mbao kwa kupishana, safu hii ikilala hivi na inayofuata ikiikata. Tofali za zege zenye matundu zisikaribie kabisa: hazipindi kwanza zikakuonya, zinapasuka ghafla.

Kuachanisha sasa ni kazi fupi. Fungueni mlango wa nyuma wa pikapu. Shusheni miguu mpaka muone pikapu imeacha kuinuka na uzito umetoka kwenye sahani. Mkizidisha, kingpini inabana kwa chini taya za sahani zinazoishika, na mpini wa kuzifungua hautavutika. Chomoeni plagi ya umeme, na mfungue waya wa dharura upande wa pikapu bila kuivuta swichi yake. Vuteni mpini. Ukiwa mgumu msiupige nyundo, maana mara nyingi pikapu ndiyo inayoivuta kingpini. Dereva arudi nyuma kidogo sana na taya zitalegea. Kisha dereva asogee mbele sentimita 10 na kusimama, kingpini ikiwa bado juu ya sehemu ya nyuma ya sahani. Hapo angalieni: tela limetulia? Miguu imenyooka? Kama kuna kinachosogea, sahani bado ipo chini ya kuipokea pua. Kama kumetulia, aondoke. Muda wote huo hakuna mtu chini ya pua wala kati ya pikapu na tela, na watoto wawe upande wa pili wa kiwanja na mtu mzima anayewashika.

Kabla hamjaishusha pua, bandikeni utepe kwenye mguu kuonyesha kimo mlichoachanishia. Siku ya kuondoka mtarudisha pua kwenye alama hiyo, kisha muishushe sentimita moja au mbili zaidi, ili sahani ikiingia iinyanyue pua kidogo. Pua ikiwa juu mno, kingpini inakaa juu ya taya badala ya ndani yake na mpini unaonekana kama umefunga. Mulikeni kwa tochi taya zimeizunguka kingpini, kisha, kabari zikiwa bado mahali pake na miguu ikiwa imeinuka kidogo tu, dereva avute mbele kwa upole kujaribu. Wengi walioangusha tela juu ya bodi ya pikapu waliruka jambo hilo la nusu dakika.

Mbele na nyuma mkishasawazisha kwa miguu, ndipo slaidi zifunguliwe, isipokuwa kitabu cha tela lenu kikisema vingine. Mpangilio wa slaidi na jeki za nyuma hutofautiana kati ya watengenezaji. Jeki za nyuma zishuke mpaka ziguse vitako vyake na kukaza kidogo kwa mkono, basi. Kazi yake ni kuzuia tela lisitikisike mtu akitembea. Zimefungwa mwisho wa chasi, mbali na ekseli, na kuinua pale ni kuipinda chasi. Ndiyo maana slaidi ilikwaruza: uwazi wake ukutani haukuwa tena na pembe za mraba, na slaidi ilikuwa inapita kwenye tundu lililopinda.

Kama siku moja mtapata tela lenye miguu minne au sita ya haidroliki inayojisawazisha kwa kitufe, mambo haya hayafutiki. Mfumo huo unaweza kuinua upande mzima, na hapo ndipo hatari yake: tairi likinyanyuka ardhini, kabari zake hazishiki kitu. Tela lisiinuliwe kamwe hadi matairi yote yakawa hewani. Penye mlalo mkubwa watumiaji wazoefu bado wanatandika mbao kwanza, kisha kitufe kinamalizia.

Kuhusu friji, jirani yenu ana nusu ya ukweli. Friji mpya nyingi za volti 12 zina kompresa kama ya nyumbani, nazo hazijali sana kuinama. Yenu ni ya gesi, na ndani yake hakuna pampu wala kompresa. Moto unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke wa amonia unapanda, unapoa na kuwa umajimaji, kisha unateremka kwenye mabomba kwa uzito wake mwenyewe na kurudi chini. Ukiinamisha friji, umaji unatuama mahali usipotakiwa, chungu cha chini kinakauka na kupata joto kupita kiasi, na kemikali ya kuzuia kutu iliyomo inaganda kuwa chembe zinazoziba mabomba. Chembe hizo haziyeyuki tena. Madhara yanajumlishwa, safari moja juu ya nyingine, mpaka siku friji inakoma. Kipimo kinachoandikwa sana kwenye vitabu vyake ni nyuzi 3 upande hadi upande wa friji na nyuzi 6 mbele hadi nyuma. Kumbukeni ni upande wa friji, si wa tela. Friji ikitazama katikati ya chumba kutoka ukuta wa pembeni, upande wake ni mbele na nyuma ya tela. Barabarani haidhuriki kirahisi kwa sababu mtikisiko unauzungusha umaji.

Hata hivyo, friji kutopoza usiku wa kwanza si lazima iwe imeharibika. Friji ya gesi huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku mzima, kufikia baridi yake, na hata iliyo nzima ikiwashwa jioni na kujazwa vyakula vya moto itawaangusha. Izimeni, sawazisheni tela vizuri nyumbani, muiache saa kadhaa ikiwa imezimwa, kisha muiwashe ikiwa tupu na mpime baridi yake baada ya saa 24. Ikipoza, mmepona. Ikibaki vuguvugu, au mkisikia harufu kali ya amonia, au mkiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, izimeni, fungueni madirisha, tokeni nje, na muite fundi. Hiyo si kazi ya kujaribu wenyewe.

Swali la mwisho, kama mmeharibu kitu. Kuinua kona mara moja kwa usiku mmoja mara nyingi hakuachi kovu, chuma hurudi. Lakini hakikisheni. Tela likiwa mahali tambarare, limeunganishwa na pikapu, limetiwa kabari na jeki za nyuma zimepanda juu, fungueni na kufunga mlango wa choo na wa kuingilia. Vikifunga kama zamani ni dalili njema. Pimeni mwanya wa slaidi kwenye pembe zake nne, na mtafute nyufa za mshazari kwenye pembe za uwazi wake, ndani na nje. Kwa tochi, mkiwa pembeni bila kuingia chini, angalieni mahali jeki za nyuma na miguu ya mbele ilipochomelewa kwenye chasi: rangi iliyobanduka kwa mstari, ufa kwenye weldi, bolti iliyosogea. Lile tela kurudi shibiri moja linanipa wasiwasi zaidi kuliko jeki, kwa sababu miguu ya mbele imetengenezwa kubeba mzigo wa wima na mlikuwa mmeiburuza. Wekeni rula ndefu kando ya kila mguu, na msikilize mota ikipanda na kushuka. Mguu uliopinda unagugumia, unakwenda kwa mikupuo, au unaukwaruza mrija wake.

Mkikuta ufa, mwanya wa slaidi unaotofautiana kwa sentimita moja au zaidi, au mguu usionyooka, muiteni fundi wa matela ya kambi anayefuata wateja nyumbani, nao wapo majimbo mengi ya huko. Mwambieni wazi kwamba kona iliinuliwa kwa jeki ya nyuma na kwamba tela lilirudi likiwa juu ya miguu, ili aanze kuangalia hapo. Mpaka aje, tela libaki limeunganishwa na pikapu au limekaa juu ya stendi imara chini ya kingpini, na asilale mtu ndani.